Nani abaki, nani aende: shajara ya kuku wangu, Kiboje

11 Januari 2025: Kuhesabu

Nimewahesabu usiku wakiwa wamelala, kwani mchana kuku hahesabiki. Wako 31: mitetea 19, tembe 4 (hawajaanza kutaga), majogoo 3, mapora 5 (majogoo machanga). Vifaranga sijawatia. Nilianza miaka mitatu nyuma na watano alionipa mavyaa, mama wa mume wangu, nilipohamia Kiboje, kijiji cha Unguja, na tokea hapo sijawahi kumtoa kuku ila kwa mgeni au kwa ugonjwa. Mgeni akifika, mtoto hutumwa, naye hurudi na yule aliyekamatika upesi. Nikifikiri sasa, huenda miaka mitatu yote nimekuwa nikiwala wapole na kubakisha wakorofi.

Kilichonishtua ni daftari la dukani. Kuku wangu wanajitafutia mchana kutwa chini ya migomba na minazi. Jioni nawapa pumba za mahindi na chenga za dagaa, na chicha siku tukipikia nazi. Disemba peke yake ilikwenda hivi:

Pumba kilo 58 kwa 800: Sh 46,400
Chenga za dagaa kilo 4 kwa 3,000: Sh 12,000
Jumla: Sh 58,400

Mayai yalikuwa 96. Mayai 24 tuliyatia chini ya koo, yaani kuku wa kuatamia, tukala 12, na 60 nikayauza kwa 500, yaani Sh 30,000. Pengo ni Sh 28,400. Ukigawa mayai 96 kwa mitetea 19 unapata matano kila mmoja, lakini hesabu hiyo inadanganya, maana wapo wanaotaga na wapo wanaosindikiza. Mimi sijui nani ni nani. Mradi wenyewe ndio huo: wapungue mpaka wabaki kama 15, na kila atakayeondoka niwe na sababu yake kwenye karatasi.

19 Januari: Pete

Huwezi kumuandika kuku usiyeweza kumtambua. Wachache wana alama za kuzaliwa nazo. Kuna Kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja kama nywele zilizotoka kusukwa. Kuna Kishingo, shingo wazi. Kuna Kishungi, mwenye kishungi kichwani kinachomfunika jicho moja, na Kanga mwenye madoadoa. Waliobaki ni wekundu na weusi, na wekundu wako tisa.

Jaribio la kwanza lilikuwa vitambaa vya rangi mguuni. Kufika siku ya pili wenzao walishavidonoa, na kimoja kililowa kikajikaza mpaka mguu ukavimba. Nikaenda duka la vifaa vya umeme, nikanunua zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, paketi ya 100 zenye rangi mchanganyiko kwa Sh 3,000. Rangi nne, na nambari nimeiandika kwenye daftari kwa idadi ya vipande: kamba mbili nyekundu ni Nyekundu 2. Ilipovuka tatu nikaona nawavalisha bangili, kwa hiyo kuanzia nne namba ni mguu wa kulia. Wa kushoto moja mpaka tatu, wa kulia kamba moja ni nne, mbili ni tano, na kuendelea. Mwanangu wa darasa la tano ameelewa mfumo huu upesi kuliko baba yake.

Atakayeiga: acha nafasi ya kupita kalamu kati ya kamba na mguu. Pora mmoja nilimkaza nikidhani ameshakomaa, na baada ya siku chache ilinibidi niikate kamba kwa kikata kucha huku mtoto amemshika.

26 Januari: Majogoo

Hii nilidhani ndiyo sehemu rahisi. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi hivi, na pora halitagi wala haliatamii. Mapora yote 5 yameuzwa kwa bwana mmoja anayepita na tenga lake kwenye baiskeli, 14,000 kila moja, Sh 70,000. Majogoo nilikuwa nao watatu: mwekundu mdogo, mweupe, na kuchi mkubwa, wa ile mbegu ya kuku warefu, ambaye kila anayepita njiani husimama kumtazama. Wale wawili wamekwenda soko la Mwanakwerekwe, 25,000 kila mmoja. Nimebaki na kuchi.

Banda limekuwa kimya asubuhi. Mitetea kadhaa walikuwa na migongo iliyopukutika manyoya kwa kupandwa hovyo, nadhani sasa itaota.

1 Februari: Vidole

Usiku huu tumewapima mitetea na tembe wote 23, mimi nikishika, mume wangu akimulika, mtoto akiandika. Usiku ni bora, kwani unamchukua kuku kwenye kijiti kama unachuma embe na hakuna mbio.

Kipimo ni hiki. Chini ya mkia, huku na huku ya tundu la kutagia, kuna ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kwa kuku anayetaga zimeachana na zinalegea ukizibonyeza, vidole viwili au vitatu vinapita kati yake. Kwa asiyetaga zimekaribiana, kidole kimoja, na ngumu. Halafu unapima kutoka ncha hizo mpaka mwisho wa kidari: vidole vitatu au vinne ni tumbo lenye kazi. Tundu lenyewe kwa anayetaga ni pana, limelowa na limepauka, na kwa asiyetaga ni dogo, la mviringo na kavu. Undu, kile kilemba cha nyama kichwani, ukiwa mwekundu na wa moto ni dalili njema. Kuna na ile ya rangi ya manjano, kwamba kuku mwenye miguu ya manjano akitaga sana rangi humhama, kwanza kwenye tundu, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomoni, mwisho miguuni. Kwangu inanifaa kwa kuku wanne tu. Wengi wa hawa kuku wetu wana miguu myeusi au myeupe tokea mayaini.

Kosa dogo la mwanzo: tulibadilishana zamu, mume wangu akapima wanane. Vidole vyangu vitatu ni viwili vyake. Tukawarudia wale wanane.

Walioonekana hawana kitu ni sita: Nyekundu 2, Nyekundu 7, Kijani 1, Kijani 5, Manjano 3, Bluu 4. Mavyaa aliamka kuja kutazama tunafanya nini na taa saa nne ya usiku. Akasikiliza majina, akauliza, "Na hao mnawapima wangapi wamelea mwezi huu?" Nikamwambia kipimo hakiulizi hilo. Akarudi kulala.

23 Februari: Kijani 5

Niandike kwa urefu hapa, maana hapa ndipo nilipokosea kwa kisu.

Nilipanga kuchinja wawili wa mwanzo tarehe 14, lakini tarehe 8 nilikuwa nimewapa kuku wote dawa ya minyoo bila kusoma lebo mpaka mwisho, na lebo ilitaka wiki mbili kabla ya kula nyama. Tukangoja. Leo asubuhi mume wangu akawachinja Nyekundu 7 na Kijani 5, ili tuwe na akiba kabla ya Ramadhani.

Nyekundu 7 alikuwa kama alivyoandikwa. Mafuta ya manjano tumboni unene wa kidole, na pale panapokaa mayai mlikuwa na chembe tu, nyingi, ndogo kama mtama. Huyu alikuwa mlaji.

Kijani 5 nilipompasua mkono ulisita. Kwanza kilitoka kiini kizima, kikubwa, chekundu kama cha yai la mezani. Chini yake kingine kidogo kuliko hicho, kisha kama gololi, kisha kama mbaazi, nikahesabu sita vikishuka kimoja baada ya kingine kwenye kichane kimoja. Nikafuata mrija mpaka mwisho nikapapasa kitu kigumu. Yai. Lina ganda lake kamili, la rangi ya maziwa, bado la moto. Lilikuwa litagwe leo mchana.

Mtoto akauliza kama linalika. Linalika, na tumelila, lakini sikufurahia.

Mavyaa alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. "Huyo katoka kulea. Vifaranga vyake kavifukuza mwezi uliopita tu. Wewe ungependa upimwe arubaini haijesha?"

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 1 alikuwa ndiyo kwanza anaacha watoto. Kuku anayeatamia au kulea huacha kutaga, undu hupauka, mifupa hujibana, tundu hukauka. Ukimpima siku hiyo huwezi kumtofautisha na mlaji. Kiini cha yai hujaa kwa siku chache tu, wiki hadi siku kumi hivi, na mimi nilimchinja kwa kipimo cha siku 22. Ile dawa ya minyoo ilimpa muda wa kurudi kazini, na sikumtazama tena. Kilichokuwa sahihi tarehe 1 kilikuwa uongo tarehe 23.

Usiku huohuo nikawapima tena wale wanne waliobaki kwenye orodha ya hukumu. Manjano 3 vidole viwili na nusu. Nyekundu 2 vidole vitatu, undu mwekundu. Nusu ya orodha imejifuta yenyewe. Kijani 1 na Bluu 4 wako vilevile, kidole kimoja, kavu.

Utaratibu mpya: hatolewi kuku kwa kipimo kimoja. Vipimo viwili, wiki tatu au zaidi kati yake. Kwenye daftari nimeongeza safu ya hali: anataga, anaatamia, analea, anapukutika. Na anapimwa usiku wa kuamkia kisu, hata kama alipimwa jana yake.

8 Machi: Nilimuuza jogoo siye

Ramadhani imeingia, na kuku wana wiki yao ya bei nzuri. Kijani 1 na Bluu 4 wameondoka kwa 16,000 kila mmoja. Mnunuzi aliuliza kama wanataga. Nikamwambia hapana, ndiyo maana nawauza, wa nyama hao. Alitaka kupunguza elfu mbili kwa ukweli huo, kisha akalipa kamili. Kuuza kuku wa nyama kwa jina la mtetea mzuri sitaki, na tena katika mwezi huu.

Sasa jogoo. Tarehe 5 na 7 Februari niliwatilia mayai Kishungi (12) na Kidimu (13). Kishungi kaangua 10, Kidimu 11. Nikaridhika. Tarehe 26 Februari nikamtilia Kanga mayai 12, na juzi usiku nikayamulika kwa tochi ya simu: unakunja kiganja kama bomba, yai juu yake, taa chini. Yai lenye uhai siku ya nane lina doa jeusi na mishipa kama mizizi. Matatu yalikuwa nayo. Tisa yalikuwa maangavu kama yametagwa asubuhi.

Kuchi hapandi. Au anajaribu na hawezi. Nilikaa na kikombe cha chai baada ya daku nikamtazama alfajiri mbili. Ni mzito, mzee, na vipi vyake, ile miiba ya miguuni, vimekua mpaka vimepinda. Akimpanda mtetea anateleza, mtetea anakimbia, yeye anawika kama kafanya jambo. Kazi yote ilikuwa ya yule mwekundu mdogo niliyemuuza kwa 25,000.

Kwa nini sikuona mapema? Kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki moja hata mbili. Mayai ya mwanzo wa Februari yalikuwa bado yanakula akiba ya mwekundu. Ukiuza jogoo leo, kosa lako litakuja kuonekana chini ya koo mwezi ujao.

Kuchi ameuzwa kwa 40,000 kwa mtu anayempenda kwa umbo, nami nimemweleza. Jogoo mwingine mwekundu nimenunua kwa jirani wa upande wa pili, damu nyingine kabisa, 28,000. Atakaa peke yake siku 14 kabla ya kumchanganya, na imeshafaa: alikuja na viroboto vimemganda kuzunguka macho na unduni, vyeusi kama pilipili manga zilizosagwa. Nampaka mafuta ya nazi kwa unyoya mpaka vidondoke. Vingeingia bandani ningekuwa naandika shajara nyingine.

29 Machi: Chanjo

Mdondo, yaani Newcastle, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi. Chanjo ni matone ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi mitatu hivi. Chupa Sh 7,000. Ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hiyo niliwaita majirani watatu na kuku wao. Wengine husema wa kuuzwa wasichanjwe, ni hasara. Mdondo ukiingia bandani utaanza na huyohuyo uliyembania tone.

20 Aprili: Kesi ya Kishingo

Masika imekolea na mayai yanapotea. Kati ya tarehe 6 na 15 nilikuta maganda yamepasuka kiotani mara nne, na asubuhi moja Kishingo alikuwa kasimama katikati, mdomo una kiini. Kuku anayekula mayai hafundishiki kirahisi, tena huwafundisha wenzake. Nikamuandika: aondoke tarehe 19. Sikuhitaji vidole wala wiki tatu, nimemuona mwenyewe.

Nilijaribu kwanza yale ya kawaida. Nikawavunjia makombe ya chaza yaliyotwangwa, kwa sababu ganda jembamba huvunjika lenyewe na kuku akishaonja amekwisha. Nikajaza viota majani makavu. Mayai yakaendelea kupotea, na sasa mengine yalitoweka na ganda lake. Hilo lilinisumbua. Kuku hali ganda lote akaramba na sakafu.

Tarehe 17 mwanangu alikuwa na homa, hakwenda skuli. Saa tano akaniita dirishani. Mtetea mmoja alikuwa ametoka kutaga, analia kwa makelele yale ya kujisifu. Hata hakumaliza, kunguru akatua kwenye paa la banda, akatazama kushoto na kulia, akaingia mlangoni kwa miguu kama mwenye nyumba. Akatoka na yai mdomoni, akaenda nalo kwenye mwembe. Baada ya dakika chache akarudi mwingine, huyu akalipasua humohumo ndani. Na alipoondoka, Kishingo akaingia kuramba kilichomwagika.

Chini ya mwembe nilikuta maganda kumi na moja. Hawa kunguru wenye shingo za kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, inasemekana ili wale taka za mjini. Taka bado zipo, nao wamefika Kiboje.

Dawa imekuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kila kiota kimepata pazia la gunia lililochanwa vipande viwili: kuku anajipenyeza, kunguru anaogopa kuingia asikoona. Mlangoni nimening'iniza vipande vingine. Gunia, misumari na ubao mmoja Sh 6,500. Mitetea walisusa viota siku mbili, wakataga chini ya mgomba, ikabidi nifunge pazia nusu kwanza kisha nishushe kidogokidogo. Tokea tarehe 18 halijapotea yai. Kishingo sasa anataga mfululizo, na hagusi lake wala la mwenzake. Nimefuta jina lake, lakini mstari niliomkata nimeuacha uonekane.

3 Mei: Daftari la vifaranga

Miezi mitatu nimewapima kwa mayai. Kwa mayai, malkia ni Kidimu: duru moja alitaga 17 kabla ya kuatamia. Kishungi anataga 11 na kusimama. Kwa kanuni za wanaofuga kuku wa mayai, Kishungi angekwenda zamani, maana kila siku anayoatamia ni siku asiyotaga.

Lakini mimi sina mashine ya kuangulia. Mashine yangu ni kuku. Nimetazama vifaranga walipofikisha wiki nane:

Kishungi: kaangua 10, wapo 8.
Kidimu: kaangua 11, wapo 2.
Kanga: kaangua 3 (kosa si lake, na wao bado ni wa wiki sita), wapo 3.

Wa Kidimu wanne walichukuliwa na kunguru. Yeye huwatembeza uwanjani kweupe, na kivuli kikipita juu hutazama tu. Watatu walikufa kwa mvua ya Machi, na jambo lake nililielewa siku nilipowakuta: kajikunyata juu yao kama inavyotakiwa, lakini manyoya yake yaliyojikunja hayazuii maji. Yanapita kama kwenye makuti mabovu. Mama kalowa na watoto chini wamelowa. Wawili sijui walikwenda wapi, labda ngawa. Kishungi yeye hata jua likiwaka hatoki chini ya migomba, na nimemuona akimrukia kunguru kwa kucha mpaka akaacha manyoya.

Mavyaa ndivyo anavyochagua siku zote. Anapotaka kuku wa kubakisha haulizi mayai, husema, "Nionyeshe wanawe." Nilidhani ni mazoea ya kizamani. Lakini kwa Kidimu peke yake angenikosesha mtagaji bora kuliko wote, kwa hiyo tumefanya shirika: Kidimu atage, Kishungi alee. Mayai ya Kidimu na Manjano 3 yanakwenda chini ya Kishungi, Kanga na Nyekundu 2.

Tatizo ni kwamba Kidimu naye alitaka kuatamia tena. Kumtoa kiotani hakukusaidia, anarudi. Mavyaa alishauri kumchovya tumbo kwenye ndoo ya maji. Nilimchovya mara tatu, akajikung'uta na kwenda kukaa akiwa amelowa. Kilichofaa ni tenga lililoning'inizwa chini ya mwembe: sakafu yake ina matundu, upepo unapita chini ya tumbo, hakuna majani ya kujikunjia. Maji na chakula humohumo. Siku nne. Alipotoka alikuwa na hasira na mimi, lakini kiotani hakurudi.

Walioondoka leo, wote kwa vipimo viwili, Aprili mosi na jana usiku:

Nyekundu 9. Kidole kimoja mara zote mbili, na hajalea tokea nianze daftari.

Kijani 3. Anataga, lakini mayai ganda laini, wiki tano sasa, makombe anakula kama wenzake. Ameshapasua mawili akiyakalia.

Manjano 1. Anapiga. Aliwatoboa vichwa vifaranga wa Kishungi wawili, wakapona kwa taabu. Vidole vyake ni vitatu, anataga vizuri, na ameondoka hivyohivyo. Kwenye uwanja mdogo kama wangu mkorofi mmoja hula mayai ya watatu kwa kuwazuia wenzake chakulani.

Tembe wa Bluu 8. Kidari kimepinda kama upinde wa mkeka. Huyu tumemla sisi, alikuwa mtamu.

Wale watatu wameuzwa 17,000 kila mmoja. Kijani 3 na Manjano 1 nimewaeleza wanunuzi aibu zao. Aliyemchukua Manjano 1 alicheka, akasema kwake hakuna vifaranga.

15 Juni: Waliobaki

Mitetea 15, wakiwamo tembe watatu walioanza kutaga, na jogoo 1. Jogoo mmoja ni mchache kwa idadi hii lakini nimemulika mayai ya Mei yote na 31 kati ya 36 yana mishipa, kwa hiyo namuacha.

Fedha za mradi mzima. Zilizoingia: mapora 70,000, majogoo wawili 50,000, kuchi 40,000, mitetea ya Machi 32,000, ya Mei 51,000. Jumla Sh 243,000. Zilizotoka: kamba 3,000, dawa ya minyoo 5,000, jogoo 28,000, chanjo 7,000, mapazia 6,500. Jumla Sh 49,500. Deni la dukani lilikuwa 64,000, nimelilipa.

Mei kwa kulinganisha na Disemba: pumba kilo 30, Sh 24,000, chenga kilo 2, Sh 6,000, jumla Sh 30,000. Mayai 104. Yaliyotiliwa 36, tuliyokula 14, yaliyouzwa 54, Sh 27,000. Pengo limeshuka kutoka 28,400 hadi 3,000. Sehemu ya hayo ni wale tembe watatu, wangeanza kutaga hata kama nisingemgusa mtu, kwa hiyo sitampa daftari sifa yote. Na chakula cha vifaranga, kilo 15 kwa 1,600, Sh 24,000, nimekiweka kando. Hicho kitajilipa au kutojilipa mapora yatakapouzwa, kama Mwaka Kogwa hivi, ile sikukuu ya Makunduchi ya mwezi Julai, watu wa Kusini wakitafuta kuku.

Aliyebaki kwenye shaka ni Bluu 6. Kipimo cha Aprili vidole viwili, cha jana kimoja. Halei, haatamii. Nimemkunjua bawa: manyoya makubwa ya nje ni kumi, na kuku anayetaga vizuri akipukutika huangusha matatu manne kwa pamoja, amalize arudi kazini. Bluu 6 ameangusha moja, lingine limechomoza nusu kidole, mengine yote ya zamani, yamechakaa. Kwa mwendo huo atamaliza miezi mingi. Shingo imeanza kuonyesha ngozi. Kwenye safu ya hali nimeandika "anapukutika", na pembeni tarehe ya kipimo cha pili: 6 Julai, usiku.